Hamsini ya Bei Nafuu: Ubaki Nayo, Uipandishe, au Uhamie Themanini na Tano?

Mtu akiniuliza kama auze 50mm f/1.8 yake (lenzi ya urefu wa milimita 50 ambayo tundu lake la kupitisha mwanga hufunguka hadi f/1.8; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) anunue kubwa zaidi, humwomba kwanza afungue kazi ya mwisho aliyopiga ukumbini, atafute picha ishirini alizozitupa, kisha azikuze mpaka jicho la bibi harusi lijae kioo cha kompyuta. Jibu limo humo. Kuna picha ambayo jicho limefifia ilhali hereni iko wazi, unaweza kuhesabu shanga zake: hapo fokasi imekosa. Kuna ambayo jicho, hereni na shela vyote vimevutika upande mmoja: shata, lile pazia la ndani ya kamera, ilikuwa polepole, mtu akasogea. Kuna iliyojaa chenga, zile nukta kama mchanga, kwa sababu ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ilipandishwa mno. Na kuna ile ambayo shangazi wa mwisho kushoto amekatwa bega, maana mpiga picha alishagota ukutani na hakuwa na pa kurudi. Hizo ni shida nne, na sijaona lenzi moja inayozitibu zote.

Nitalinganisha lenzi za Canon za mlango wa EF (mlango ni pale lenzi inapofungwa kwenye kamera), kwa kuwa ndizo nilizozitumia miaka mingi na ndizo ninazoulizwa kila wiki. Nne ziko mezani. Ya kwanza ni EF 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990, ile ya plastiki yenye gramu 130, ambayo wengi walianza nayo. Ya pili ni EF 50mm f/1.8 STM iliyochukua nafasi yake mwaka 2015. Ya tatu ni EF 50mm f/1.4 USM ya 1993, na ya nne EF 85mm f/1.8 USM ya 1992. Herufi STM na USM ni majina ya aina za mota za fokasi. Kama tayari una STM, hesabu kwamba hatua ya kwanza umeshaivuka, usome zilizobaki.

Nitazipima kwa mambo yaleyale: fokasi, mwanga, sura ya nyuma ya mtu, nafasi ya kusimama, uimara, na pesa. Ubora wa kioo katikati ya picha sikuupa sehemu yake, kwa sababu ukifunga tundu hadi f/2.8 au f/4 zote nne zinatoa picha kali ya kutosha kuchapishwa na kutundikwa sebuleni. Tofauti zinaonekana mazingira yakiwa magumu.

Fokasi

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, basi tukae kidogo.

Hamsini ya II ina mota ndogo ya kawaida yenye gia. Inalia, na mwanga ukiwa hafifu inakwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta pa kushika. Ukipiga video, mlio huo unaingia kwenye sauti. Pete yake ya kuzungusha fokasi kwa mkono ni nyembamba, iko mdomoni kabisa, na huwezi kuigusa kabla ya kuhamisha swichi kwenda MF, yaani fokasi ya mkono. Pamoja na hayo, mchana nje inashika vizuri tu.

STM imetulia. Haina kelele ya kusumbua, inateleza taratibu bila kuruka, na kwenye bodi (kamera zenyewe) zenye Dual Pixel, mfumo wa Canon wa kushika fokasi kwa sensa yenyewe, kuanzia 70D ya mwaka 2013, inafuata uso kwenye video kwa namna ambayo ile ya zamani haiwezi kabisa. Kasi yake ni ya wastani. Pete yake inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo kamera ikiwa imezimwa utaizungusha na hakuna kitakachosogea. Tena inakaribia zaidi: sentimita 35 badala ya 45. Ukipiga picha ya pete ya ndoa, hina mikononi au sahani ya pilau, utaziona hizo sentimita kumi.

Hamsini ya 1.4 ina mota ya USM ndogo. Ina kasi kuliko ya II, na unaweza kusahihisha kwa mkono bila kugusa swichi yoyote. Themanini na tano ina USM ya pete, ile kubwa, na kwa kasi hakuna kati ya hizi inayoifikia. Mtoto anayekimbia kukupokea, bibi harusi anayeingia kanisani, mchezaji anayekata kona, inawashika.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hakuambii. Anayetafuta fokasi ni bodi, lenzi inatii tu. Kamera kama 600D na 1200D zina vituo 9 vya fokasi, na cha katikati peke yake ndicho cha msalaba, kinachosoma mistari ya wima na ya mlalo pamoja. 700D ina vyote 9 vya msalaba. Ukiwa na 1200D ukachagua kituo cha pembeni gizani, lenzi ya bei mara tatu nayo itahangaika vilevile.

Halafu kuna hesabu ya kina cha fokasi. Ukiwa mita moja kutoka usoni, kwa 50mm kwenye kamera ya sensa ndogo (APS-C, kama 600D, 700D na 1200D), f/1.8, sehemu iliyo wazi ina kina cha sentimita mbili na nusu hivi. Kope za jicho la mbele ziko wazi na sikio limeshapotea. Ukishika fokasi kwa kituo cha katikati kisha ukageuza kamera kupanga picha, au ukayumba kidogo tu kwa kuvuta pumzi, umeshatoka nje ya hizo sentimita. Wengi wanaosema hamsini yao haishiki fokasi, ukiwaomba wafunge hadi f/2.5 na kurudi nyuma nusu mita, shida inapungua sana. Kwa f/1.4 kina hicho kinashuka hadi karibu sentimita mbili. Kwa hiyo kama tatizo lako ni jicho kukosa, kununua tundu kubwa zaidi ni kuliongezea tatizo nguvu.

Lenga palipo na mpaka mkali: shela linapokutana na nywele, kola na shingo, ukingo wa miwani. Hapo hata mota ya II inashika.

Mwanga

Kutoka lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ikiwa kwenye f/5.6, kuja f/1.8, unapata mwanga karibu mara kumi. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kufunga hamsini mtu huona kama amebadilisha kamera. Anatarajia kwamba kutoka 1.8 kwenda 1.4 mshangao ule utarudi. Hauji. Ongezeko ni kama mara moja na theluthi mbili. Ulipokuwa unapiga kwa ISO 3200, sasa utapiga kwa ISO 2000. Inasaidia, na kwa mtu wa kazi za usiku mfululizo ina thamani. Ila weka picha mbili za namna hiyo mbele ya mteja, hatajua ipi ni ipi.

Ongeza hili: hamsini zote tatu hulegea zikifunguliwa wazi kabisa. Hamsini ya 1.4 kwenye f/1.4 ina ulaini na mng'ao kidogo kuzunguka vitu vyeupe, na wengi wanaoimiliki huishia kuipiga kwa f/2 ili iwe kali. Hapo faida yake ni kwamba f/2 yake inapendeza kuliko f/2 ya lenzi iliyoanzia 1.8. Themanini na tano ikiwa wazi ni kali, ila juani huweka kingo za zambarau kwenye kanzu nyeupe au kwenye shela linalopakana na kitu cheusi. Zinaondoka ukiifunga kidogo au ukizisafisha kwenye kompyuta.

Mwanga wa ukumbini mara nyingi si mchache tu, ni mbaya: taa za bluu na zambarau toka jukwaani, na uso wa mtu mweusi umeachwa kivulini huku gauni jeupe likiwaka. Tundu kubwa halirekebishi mwanga mbaya, linaukusanya ulivyo. Flashi ya kugeuza kichwa, ikielekezwa kwenye dari jeupe au ukuta wa karibu, inairudishia ngozi rangi yake. Ndiyo maana kubaki na hamsini ya zamani ukanunua flashi nahesabu kuwa ni chaguo kamili, lenye haki sawa na mengine hapa.

Sura ya nyuma

Watu huangalia namba ya f wakadhani ndiyo inayofifisha nyuma. Angalia upana halisi wa tundu: gawanya urefu wa lenzi kwa namba ya f. Hamsini ya 1.8 inatoa milimita 28 hivi, ya 1.4 inatoa 36, themanini na tano inatoa 47. Ukimpanga mtu kwa ukubwa uleule kwenye fremu, upana huo ndio unaoamua taa za mbali zitakuwa duara kubwa kiasi gani. Kwa hiyo anayetaka nyuma iyeyuke, 85mm f/1.8 inaipita 50mm f/1.4.

Umbo la taa nalo lina mambo yake. Vile visu vyembamba vinavyofunga tundu ni 5 kwenye ya II, na ukiifunga hadi f/2.8 taa za mapambo zinageuka pembe tano, kila moja na kona zake. Wengine hazisumbui, mimi zinanisumbua kwenye picha za keki. STM ina visu 7 vya mviringo na taa zinabaki duara hata ukiifunga. Ya 1.4 na ya 85 zina visu 8 kila moja, na ukizifunga kona huanza kuonekana, ingawa si kwa ukali ule wa pembe tano. Zikiwa wazi kabisa, zote nne zinatoa duara katikati ya picha.

Nafasi ya kusimama

Kigezo hiki kingepewa uzito wake, nusu ya lenzi zinazouzwa baada ya mwezi mmoja zisingenunuliwa.

Kwenye kamera ya sensa ndogo, wima, kumpata mtu mzima toka unyayo hadi juu ya kilemba kwa hamsini unahitaji kusimama mita nne na nusu hivi. Kwa themanini na tano, mita saba na nusu. Kundi la watu lenye upana wa mita nne, kwa hamsini ni mita tisa. Sasa chukua sebule ya kawaida ya kumvisha bibi harusi: kochi, meza ya kioo, jokofu pembeni, shangazi wawili, mtu wa vipodozi na sanduku lake. Mita nne na nusu hazipo. Utapiga uso na mikono, utapiga nusu mwili, basi. Ukileta themanini na tano humo utajikuta uko barazani unapiga kupitia mlango.

Kwenye kamera ya fulu-fremu, yenye sensa kubwa ya ukubwa wa filamu ya 35mm, kama 6D au 5D, hesabu inabadilika. Mtu mzima kwa hamsini ni chini ya mita tatu, na kwa themanini na tano ni chini kidogo ya mita tano. Hamsini inakuwa lenzi ya kila kitu, na themanini na tano inakuwa lenzi ya picha za watu inayoweza kuishi hata ndani ya nyumba kubwa. Ndiyo sababu ushauri wa mwenye 5D haumfai mwenye 1200D, hata wakiwa wanaongelea lenzi ileile.

Kwa mwenye sensa ndogo anayelia na kuta, dawa haiko kwenye hizi nne. Iko kwenye EF-S 24mm f/2.8 STM ya 2014, bapa kama chapati, gramu 125, ambayo kundi lile la mita nne inalipata kutoka mita nne na kitu. Haifungi kwenye bodi za EF za fulu-fremu, na nyuma haififishi sana. Lakini shangazi hakatwi bega.

Uimara, na habari ya kuvu

Ya II ina kitako cha plastiki na mwili unaosikika kama kopo tupu ukiugonga kwa kucha. Ikianguka vibaya hupasuka. Faida yake ni kwamba ilikuwa rahisi kuibadilisha. STM ina kitako cha chuma, gramu 160, na mkononi unahisi tofauti papo hapo.

Ya 1.4 ina gramu 290 na inaonekana imara kuliko ilivyo. Shingo yake ya mbele hutoka nje inapotafuta fokasi, na udhaifu wake unaojulikana kwa mafundi ni hapo: ikigongwa mdomoni ikiwa imetoka, fokasi inaanza kukwama. Ukiinunua, ifunge hudi (kikinga cha mdomo wa lenzi) muda wote na uirudishe kwenye alama ya mbali kabisa kabla ya kuiweka mkobani. Themanini na tano ina gramu 425, na vioo vyake husogea kwa ndani, hakuna kinachotoka nje. Kati ya hizi nne ndiyo ninayoiamini zaidi ndani ya bodaboda.

Nyingi utazipata zimeshatumika, na sisi wa pwani, Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, tuna adui wetu: kuvu. Unyevu unaingia, lenzi inakaa mkobani miezi, na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinaota ndani ya kioo. Usikubali kuonyeshwa picha nzuri tu. Vua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi, uinamishe taratibu huku ukichungulia toka mbele. Vumbi ni nukta na halina shida. Ukiona nyuzi zenye matawi, rudisha. Kisha ifunge kwenye kamera, lenga kitu cha karibu, lenga cha mbali, mara kumi hivi, ukisikiliza kama inasita pale pale kila mara. Kwa ya 1.4 jaribio hili ndilo linaloamua bei. Nyumbani ihifadhi kwenye boksi la plastiki linaloziba, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Pesa

STM ilipotoka 2015 iliuzwa Marekani kwa takriban dola 125. Ya 1.4 na ya 85 zikiwa mpya ziliuzwa huko kwa karibu mara tatu ya hiyo. Bei za mtumba hapa kwetu zinapanda na kushuka, lakini uwiano huo unakusaidia kujua kama unapigwa: mtu akikutajia 1.4 yenye shingo inayosita kwa zaidi ya mara tatu ya STM mpya, ondoka.

Usisahau vichujio. Ya II inachukua 52mm, STM 49mm, ya 1.4 na ya 85 zinachukua 58mm. Mpiga video mwenye kichujio kizuri cha kupunguza mwanga cha 52mm atahitaji kingine au pete ya kuunganishia. Ya 1.4 na ya 85 zinashirikiana kimoja, na 18-55 nyingi zinazokuja na kamera za Canon zinachukua 58mm hizohizo.

Kwa hali yako

Kama una ya II nzima na picha zako zilizotupwa ni za chenga na za watu waliosogea, baki nayo. Nunua flashi. Kazi mbili tatu zikishapita utajua kama bado kuna kinachokosekana.

Kama unapiga video, mahojiano, maudhui ya mtandaoni, vyakula, au kama kitako cha plastiki kimeshaanza kucheza, STM inakufaa, na gharama ya kuhama ni ndogo ukiuza ya zamani. Kwa picha za mnato za mchana peke yake, tofauti utaiona kwa nadra.

Kama una fulu-fremu, unapenda urefu wa hamsini kwa moyo wote, unapiga usiku bila flashi, na ni mtu wa kutunza vitu, 1.4 itakupa raha ambayo namba haziielezi vizuri: ule uzuri wa f/2 kwenye ngozi. Mwenye sensa ndogo anayeitaka kwa ajili ya mwanga peke yake, afikirie mara mbili.

Kama kazi yako ni nyuso, mahafali viwanjani, harusi za bustanini, ufukweni, au michezo ya shule, na una pa kurudi nyuma, 85 inafungua picha ambazo hamsini yoyote haitakupa. Usiuze hamsini yako kuilipia. Siku ya sebuleni utaihitaji.

Kama unawaza kuhamia kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), zenye mlango wa RF ulioanza 2018, lenzi zote hizi zinafunga kwa adapta ya Canon na fokasi inafanya kazi. Lakini RF 50mm f/1.8 STM ya 2020 ina gramu 160 zilezile, inakaribia hadi sentimita 30, na haihitaji adapta. Aliye ukingoni mwa kuhama asiweke fedha nyingi kwenye EF mwezi huu.

Na kama bado umekwama kati ya 50 na 85, azima lenzi ya zumu ya 55-250 au 75-300 ya rafiki wikendi moja. Izungushe hadi 85, ibandike utepe pete isicheze, upige nayo shughuli nzima. Tundu litakuwa dogo, mwanga hautakuridhisha, usijali. Hesabu ni mara ngapi mgongo wako umegusa ukuta.